Kuni Nilizogawa kwa Mbwembwe

Siku hizi nikipita pale Malaba kwenye foleni ya malori, lazima kuna mtu ataniita "Baba Sola" na wenzake waangue kicheko, na mimi hucheka nao, kwa sababu nitafanya nini, aibu ikishakuwa ya mji mzima si yako peke yako tena. Lakini nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Juzi dereva mmoja kutoka ng'ambo alinisimulia mkasa huu mimi mwenyewe, bila kujua kwamba ni mimi, na katika hadithi yake nilikuwa uchi wa mnyama. Sikuwa uchi. Suruali ilipasuka nyuma tu. Basi afadhali niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, halafu mkimaliza kunicheka tunywe chai.

Kazi yangu ni wakala wa kupitisha mizigo pale mpakani, kazi ya mdomo, yaani ukinyamaza huli, na nadhani huko ndiko nilikojifunza kusema hata mahali pasipohitaji kusemwa. Nyumbani ni nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Kocholia. Kwa miaka mingi tulipasha maji kwa kuni. Mke wangu, Mama Amoding, alikuwa anaamka na macho mekundu na kikohozi kisichoisha, na binti yetu Amoding alikua akibeba kuni kichwani kabla ya kwenda shule. Tulipovuta umeme nikaweka ile shawa ya umeme, nayo ikawa inakula tokeni za umeme mpaka tukawa tunaoga kwa kufukuzana, mmoja ana sabuni machoni na mwingine anapiga mlango. Kwa hiyo nilipoona mjini Busia sola ya kupasha maji, nikainunua, na kwa hilo sijuti hata leo. Fundi akaja akaifunga juu ya paa la bafu letu la nje, lile lililoshikana na jikoni: kioo kikubwa cheusi kimelala kikitazama jua, na tangi lake pembeni. Jioni ya kwanza nilioga maji ya moto bila moshi na bila tokeni, nikatoka bafuni naimba.

Shida haikuwa sola. Shida ilikuwa mimi baada ya sola.

Hakuna mtu aliyeingia kwangu akatoka bila kupelekwa kwenye mfereji wa nje, yaani bomba, ili aguse maji. Katekista aligusa. Msoma mita aligusa, akaniambia asante sana mzee, lakini mimi nimekuja kwa mita. Hata kwenye matanga ya jirani nilianza kueleza namna jua linavyoingia kwenye kioo, mpaka mtu akanivuta koti nikae chini maana marehemu alikuwa bado hajazikwa. Mke wangu aliniangalia tu. Ameishi na mdomo wangu muda mrefu, anaujua kama anavyojua mvua ya alasiri, kwamba ukisubiri utakatika.

Basi zikaja habari njema. Familia ya kijana mmoja anayeitwa Opili, watu wa Chakol, walituma ujumbe kwamba wanataka kuja kumwona Amoding rasmi. Amoding mwenyewe alikuwa amemkubali huyo Opili siku nyingi, kilichobaki ni wazee kuonana, na alikuwa na wasiwasi ambao sijawahi kumwona nao, anafagia ua uliokwisha kufagiwa, anawasonya kuku. Na sisi Wateso (kwa wale wasiotujua) hatuzungumzi mambo ya ndoa na koo kavu. Mnawekewa chungu cha ajono, pombe yetu ya wimbi, yaani ulezi, mnakizunguka kila mtu na mrija wake mrefu, na maji ya moto yanaongezwa kila mkivuta. Maji hayo ndiyo uhai wa chungu, bila maji ya moto ajono ni unga uliochacha tu. Na siku kama hiyo anayemimina ni msichana mwenyewe, amepiga magoti, na wakwe wanamtazama mikono. Mgeni akiridhika atavuta mpaka jua lizame. Akiweka mrija chini mapema, hiyo ni lugha, haihitaji mkalimani.

Mama Amoding alikuwa amepanga rundo la kuni kavu nyuma ya jikoni kwa siku hiyo. Nikamwambia hatuzihitaji.

"Baba Amoding, maji ya ajono lazima itokote," akasema.

"Itatoka kwa mfereji ikiwa moto."

"Moto si kutokota."

"Mama, hiyo ni mambo ya kitambo," nikamwambia. "Wacha watu wa Chakol waone mahali dunia imefika."

Akasema, "Haya." (Ile haya ya mke, wanaume wenzangu mnaijua, haimaanishi haya.)

Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo uliozaa mengine yote. Badala ya kuziacha kuni pale zilipo, hazinidai chakula wala maji, nikamwita jirani yangu Wandera. Wandera ni mtu wa Budalang'i, alihamia huku baada ya mafuriko kumchosha, mtu wa utani lakini mwenye kumbukumbu mbaya, yaani hasahau. Nikamwambia aje na wilbaro achukue kuni zote. Ingekuwa hivyo tu yangeisha, lakini siku hiyo akina mama wa jumuiya walikuwa wameketi kwetu baada ya sala, nami nikiona watu zaidi ya watatu koo langu huwasha. Nikasimama kwenye mlango wa jikoni nikatoa hotuba. Nikasema katika boma hili kuni zimestaafu. Nikasema anayepasha maji kwa kuni wakati jua linawaka bure ni kama mtu anayebeba ng'ombe badala ya kumswaga. Wakapiga makofi. Wandera akapakia mpaka kijiti cha mwisho, akaniangalia, akaniuliza, "Boss, una uhakika?" Nikamwambia usiniulize tena.

Siku yenyewe ikaanza na wingu. Si mvua, ni lile wingu la kijivu linalokaa tu juu ya watu kama mgeni asiyeaga. Ndugu zangu walikuwa wamefika jana yake, na kwa kuwa walikuwa wamesikia habari za mfereji wangu, wote walioga alfajiri hiyo, wengine mara mbili, na mimi nikisimama nje ya bafu kama mwenye hoteli nikiuliza kama yamewatosha. Maji ya moto yaliyolala kwenye tangi yakaisha, yakaingia ya baridi, na sikuwaza kitu. Nilisema moyoni, jua litafanya kazi yake.

Wa mwisho kufika alikuwa Shangazi Atyang kutoka Kocholia, mwanamke mwenye nguvu kuliko sisi vijana wake wote, na gunia la mihogo aliyoimenya na kuikatakata. Mvua ya jana kule kwake ilikuwa imeinyeshea na ikishinda gunini ingeoza, akawa anazunguka ua akitafuta pa kuianika, maana kwao huanika juu ya mwamba, lakini ua wote umejaa viti na tenti. Akanikuta nafunga tai.

"Mtoto wa ndugu yangu, na hii mawingu yote, nitaanika wapi hii mihogo yangu?"

Mtu mwenye akili angemwambia anika kwa Wandera. Mimi nilisikia wingu likitajwa, nikafikiri anaidharau sola.

"Shangazi, usione hii mawingu," nikamwambia. "Ile kioo yangu inashika jua hata ikiwa imejificha. Iko na joto kushinda mwamba yoyote ya Kocholia."

Nikaendelea na tai yangu. Shangazi akasimama kidogo akitazama paa la bafu, akaondoka na gunia lake, na mimi nikajua nimemshinda.

Wakwe wakafika. Msemaji wao alikuwa Mzee Emase, baba mkubwa wa Opili, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, wale watu ambao wakisema polepole ndipo unaogopa. Tuliamkiana, tukawakalisha, chungu kikawekwa katikati, kimenona, Mama Amoding alikuwa ameitengeneza ajono hiyo kwa moyo wake wote na harufu yake ilifika barabarani. Mirija ikagawanywa. Kabla ya maji kuletwa nikasimama (hakuna aliyeniomba) nikawaambia wageni kwamba leo wataonja ajono ya kwanza katika eneo hili lote iliyopashwa na jua. Mzee Emase akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu.

Amoding akatoka nyuma na birika kubwa, amevaa gomesi ya buluu ambayo mama yake alimshonea. Alipofika mbele yangu nikaona uso wake. Alikuwa amelishika birika kwa chini, kwa kiganja kitupu. Akanitazama machoni, na nilielewa vizuri sana alichokuwa ananiambia, kwamba baba, hii si moto. Nami nikafanya nini? Nikamkonyeza kwamba mimina. Watu walikuwa wananitazama, hotuba ilikuwa imeshatoka kinywani, sikuweza kuimeza. Mtoto wangu akapiga magoti, akamimina.

Wazee wakainamia mirija, wakavuta. Kwa kawaida hapo unasikia watu wakiguna kwa raha. Niliwasikia kuku tu. Mmoja wa wageni akatazama mrija wake kama umeziba. Mjomba wangu mimi, ndugu wa mama yangu, mtu ambaye hajawahi kukataa kinywaji tangu azaliwe, akainua kichwa na kusema hewani kwamba anasikia baridi ya tumbo. Mzee Emase akavuta mara moja tena, kwa heshima, halafu akautoa mrija kinywani na kuulaza juu ya goti lake. Haukuwa chini bado. Ulikuwa kwenye goti.

"Msichana," akasema kwa ile sauti ndogo, "nani amekufundisha kuweka maji kwa ajono?"

Amoding alikuwa bado amepiga magoti na birika mkononi, kichwa kimeinama, na mama yake Opili akawa anamnong'oneza jirani yake jambo, na nyuma yao Opili anatazama viatu vyake. Nilijua kilichokuwa kinapimwa pale. Haikuwa sola tena, ilikuwa kama binti yangu ni mtu anayejua kazi au ni msichana aliyelelewa ovyo. Neno moja tu kutoka kwangu lingemtoa pale. Badala yake nikasema, "Wazee, dakika moja tu, kuna kitu kidogo narekebisha," nikakimbilia nyuma ya jikoni na suti yangu, kama mtu aliyesahau chungu motoni, na moto wenyewe hakuna.

Ngazi ya miti ilikuwa tayari imeegemezwa kwenye paa la bafu, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili saa hiyo. Nikapanda. Nilipotokeza kichwa juu nikafikiri nimepanda paa la mtu mwingine, maana kioo hakionekani. Kilikuwa kimefunikwa na mihogo kutoka pembe hadi pembe, vipande vimepangwa vizuri kabisa, kimoja karibu na kingine, weupe mtupu, Shangazi alikuwa ameanika kwa nidhamu hata hakuacha nafasi ya kidole. Nilikumbuka maneno yangu yote, la kioo, la mawingu, la mwamba. Mdomo huponza kichwa, na mimi wangu ulikuwa umekipandisha mpaka juu ya paa.

Nikajiambia, nitaipangusa kimyakimya, jua litachomoza kidogo, bado tunaweza. Nikatambaa kwa magoti, nikainama, na hapo suruali ikapasuka nyuma kuanzia mshipi kwenda chini. Nikasukuma mihogo kwa mkono. Enyi ndugu, mihogo mibichi juu ya kioo halafu juu ya mabati haitoki kimyakimya. Iliteleza yote kwa pamoja ikipiga mabati kama mvua ya mawe, na mimi katika kujizuia nisiifuate nikaitupa miguu nyuma, mguu ukaipiga ngazi, ngazi ikaanguka juu ya jiwe la kufulia na kukatika katikati. Tenti ilikuwa upande huohuo. Vipande vingine vikabingirika mpaka kwenye miguu ya wageni, na kimoja, sijui kwa miujiza gani, kikaruka na kutua ndani ya chungu cha ajono.

Nilipogeuza shingo niliona nyuso zote za Chakol na Kocholia zimetazama juu, na kwa namna nilivyokuwa nimekaa, nyuso hizo hazikuwa zinatazamana na uso wangu.

"Wewe," Shangazi Atyang akaniita kutoka chini, "unamwaga mihogo yangu kwa nini? Si ni wewe umeniambia hapo iko na joto?"

Nikajigeuza nikakaa chini juu ya paa, nikaificha aibu ya nyuma, miguu inaning'inia. Si juu sana, kijana angeruka, lakini mimi na tumbo langu na matope ya bafu pale chini tuliheshimiana. Na kutoka pale juu nikamwona Amoding. Alikuwa bado hajainuka. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, yeye peke yake alikuwa anatazama chini, machozi yanadondokea mfuniko wa birika. Mtoto huyu alibeba kuni kichwani tangu akiwa mdogo, anajua kutokosha maji kuliko mimi, na sasa anaitwa mjinga mbele ya wakwe kwa sababu baba yake alimkonyeza.

"Mzee Emase," nikasema. Sauti ilinitoka ikiwa imepasuka kama suruali. "Msichana hana makosa. Alijua maji ni baridi. Mimi ndiye nilimwambia amwage. Mama yake pia alikataa, mimi nikagawa kuni. Kama ni kulaumu, mlaumu mimi."

Mzee Emase akanitazama, kichwa nyuma, kofia imemshinda kukaa.

"Sawa, mkwe," akasema. "Aliye juu mngojee chini. Tutakungojea."

Nadhani mtu wa kwanza kucheka alikuwa mama yake Opili. Alijaribu kujizuia na leso, ikashindikana, ikatoka kwa pua, na baada ya hapo hakuna aliyebaki. Hata mjomba wangu mwenye baridi ya tumbo alicheka mpaka akashika kiti. Na katikati ya kicheko hicho nikaona kwenye njia ya kutoka kwa Wandera wilbaro ikija, imejaa kuni hadi juu, na ngazi yake imefungwa juu ya kuni, na yeye mwenyewe anaisukuma polepole, kwa makusudi, kama mtu anayeleta sadaka. Mke wangu alikuwa ameshamwendea kuomba kuni tangu wakati ule niliposema dakika moja; ngazi aliiongeza mwenyewe aliposikia kishindo.

Akasimamisha wilbaro chini yangu kabisa, akajipangusa jasho.

"Boss," akasema, "nianze kushusha wewe ama kuni?"

Nikamwambia kuni. Lilikuwa jibu la kwanza la maana nililotoa siku hiyo nzima.

Basi wakaniacha pale juu. Niliona kila kitu, mahali pazuri kabisa pa kutazamia aibu yako. Niliona mafiga yakirudishwa, moto ukiwashwa na Shangazi kwa mbwembwe zake. Halafu nikaona mama yake Opili akijifunga leso kiunoni na kwenda kupuliza moto pamoja na mke wangu, mkwe anapuliza moto kwa mkwe siku ya kwanza, jambo ambalo kwetu ungelisikia ungetamani ardhi ikumeze, lakini mimi ardhi ilikuwa mbali. Moshi wote ukanijia mimi. Nilikohoa, macho yakawa mekundu, na nikawaza kwamba hivi ndivyo mke wangu alivyoishi miaka yote ile, na kwamba hilo ndilo nililopaswa kuwaambia watu nilipokuwa nawagusisha mfereji, badala ya kujisifu.

Maji yakatokota. Walikitoa kile kipande cha muhogo kwenye chungu, Amoding akajifuta uso, akapiga magoti, akamimina, na mvuke ukapanda. Mzee Emase akauchukua mrija wake kutoka kwenye goti, akavuta, akafumba macho. Hapo ndipo Wandera alipoegemeza ngazi, nikashuka kinyumenyume, nikiwa nimejifunga kiunoni shuka ya kitanda niliyorushiwa kule juu, nikaketi kwenye kiti cha baba wa msichana.

"Sasa mkwe amefika," Mzee Emase akasema, "tunaweza kuongea." Akamgeukia Amoding. "Msichana, leo uliona maji si moto, ukamwaga kwa sababu baba amesema. Hiyo ni heshima, tumeiona. Lakini kwetu Chakol, ukiona maji si moto, utasema. Hata kama ni mimi nimekuambia umwage. Umesikia?"

Amoding akainua kichwa, akanitazama mimi kwanza.

"Nitasema," akajibu.

Wakakaa mpaka jua likazama. Mrija wa Mzee Emase haukugusa ardhi.

Wakati wa harusi watu wa Chakol walileta zawadi zao kama desturi, na kwa upande wangu walileta mzigo mmoja uliofungwa vizuri kwa kamba ya mkonge, wakanikabidhi mbele ya umati mzima. Kuni. Kavu, zimepasuliwa kwa shoka, zote urefu mmoja. Nilitaka kutoa hotuba ya shukrani, mke wangu akanitazama, nikasema asante nikakaa.

Sola bado iko juu ya bafu, inafanya kazi yake vizuri. Tunaoga maji ya moto, vyombo vinaoshwa bila moshi, Mama Amoding hakohoi tena kama zamani. Nyuma ya jikoni kuna rundo la kuni kwa ajili ya ajono, na nimeapa kwamba sitagawa hata kijiti, wala sitafungua kinywa kueleza jambo ambalo sijaligusa kwanza kwa mkono wangu. Kiapo cha kwanza nimekishika. Cha pili najaribu.

Juzi Amoding alinipigia simu kutoka Chakol. Akaniambia ameongea na watu wa kule kuhusu kuni na macho ya mama mkwe wake, ameongea wazi kama alivyoahidi, na wamekubali kuweka sola ya maji kama ya kwetu. Nikamuuliza kama kuna kitu wanataka nimuulize fundi.

"Mama Opili anauliza kitu moja tu, Papa," akasema. "Anataka kujua, hiyo kioo, mtu anaweza kuanika mihogo juu yake?"